Mbishi Mzuri Hujulikana Kabla ya Filimbi

Ubishi kuhusu timu ya taifa ni fani, nayo ina mafundi wake na walipuaji wake. Mechi ya kufuzu Kombe la Dunia inapokaribia, wote huzungumza kwa uhakika uleule, na msikilizaji asiye na kipimo huishia kumwamini mwenye sauti kubwa. Wengi husubiri mechi iishe, kisha aliyepatia matokeo ndiye anayeitwa mjuzi. Kipimo hicho ni kibovu. Mechi ina matokeo matatu tu, ushindi, sare au kipigo, kwa hiyo hata anayebashiri kwa kufumba macho atapatia mara za kutosha kujisifu. Hoja nzuri hupimwa kabla ya mpira kuanza, kwa mambo mawili: je, inaonyesha timu itazipata pointi kwa njia ipi, na je, imetaja jambo ambalo likitokea litaivunja? Mfano unaofaa kujifunzia ni Oman ya Oktoba 2025, ilipokuwa ikienda Qatar kwenye raundi ya nne ya mchujo wa Asia. Timu hiyo hubishaniwa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili pia, kwa kuwa Maskati kuna familia nyingi zilizotoka Unguja na Pemba ambazo bado zinazungumza lugha hii.

Alama ya kwanza ya fundi ni kuanza na hesabu ya mashindano kabla ya kutaja jina la mchezaji yeyote. Kombe la Dunia la 2026 liliongezwa hadi timu 48, na Asia ikapewa nafasi 8 za moja kwa moja pamoja na nafasi moja ya kupitia mchujo wa mabara. Katika raundi ya tatu kulikuwa na makundi matatu ya timu sita sita. Timu mbili za juu zilifuzu, na za tatu na za nne zikaenda raundi ya nne, yenye makundi mawili ya timu tatu tatu. Oman ilipangwa na Qatar na Falme za Kiarabu. Kinara alikuwa anafuzu, na wa pili alibaki na njia ndefu ya mchujo mwingine. Kwa mpangilio huo, kila timu ilikuwa na mechi mbili tu. Anayesema “tutajipanga taratibu, mashindano ni marefu” anazungumzia mashindano mengine. Katika mechi mbili, sare ya kwanza haikupotezi, lakini inakulazimisha uende kutafuta ushindi katika ya pili. Mbishi ambaye hakulisema hilo mwanzoni, lolote atakaloongeza kuhusu kikosi linaning’inia hewani.

Alama ya pili ni kuzichambua jumla badala ya kuzikariri. Katika raundi ya tatu Oman ilimaliza ya nne kwa pointi 11 katika mechi 10, ikafunga mabao 9 na kufungwa 14. Mlipuaji wa upande wa matumaini atasema kwamba bao moja kwa kila mechi si haba. Fundi atauliza mabao hayo yalipatikana usiku gani. Manne kati ya tisa yalifungwa katika mechi moja, Kuwait ilipolala 4-0 Maskati Oktoba 2024, na siku chache baadaye Oman yenyewe ikafungwa 4-0 na Jordan mjini Amman. Ukiiondoa mechi ya Kuwait, yanabaki mabao matano katika mechi tisa. Hapo picha inabadilika: hii ni timu ambayo, ikikutana na yeyote asiye Kuwait ya siku ile, hupata bao kwa nadra. Mechi nyingine mbili ilizoshinda, dhidi ya Palestina na dhidi ya Kuwait ugenini, ziliisha 1-0. Hoja yoyote ya kufuzu ilipaswa kueleza bao litatoka wapi, kwa nani, kwa kona au kwa shambulizi la kushtukiza. Kusema “vijana wamejituma mazoezini” hakujibu swali hilo.

Alama ya tatu ni kujua uzito wa mechi moja. Wanaoitetea Oman hukumbusha Septemba 2021, ilipokwenda Suita na kuifunga Japani 1-0 kwa bao la Issam Al-Sabhi katika dakika za mwisho. Hukumbusha pia sare ya 1-1 na Korea Kusini ugenini Machi 2025. Mechi hizo ni ushahidi wa kweli, lakini lazima tuulize ni ushahidi wa nini. Zinathibitisha kwamba Oman inaweza kumsumbua mkubwa. Hazithibitishi kwamba ina mazoea ya kukusanya pointi. Katika raundi ileile iliyoanza na ushindi wa Suita, Japani ilifuzu, na Oman ikaishia nafasi ya nne kwa pointi 14. Vivyo hivyo sare ya 1-1 na Palestina Juni 2025, ambayo ndiyo iliyoipeleka Oman raundi ya nne. Ilipatikana kwa penalti ya Al-Sabhi ndani ya muda wa nyongeza, Oman ikiwa imebaki na wachezaji kumi. Mmoja ataiita moyo wa chuma, mwingine ataiita bahati. Fundi hachagui neno kati ya hayo mawili. Atasema kwamba timu iliyohitaji sare tu, dhidi ya mpinzani aliye chini yake katika msimamo, ilikuwa dakika chache kutoka kuaga mashindano, na kwamba hiyo ndiyo hali iliyofika nayo Qatar.

Alama ya nne ni kuyapa nafasi mambo yanayojulikana mapema lakini hayapigiwi kelele: kocha na ratiba. Oman ilimwajiri Carlos Queiroz mwaka 2025, na sifa yake ya kupanga ulinzi inajulikana Asia nzima. Mbishi wa juujuu angesema kocha huyo aliifikisha Iran katika Kombe la Dunia la 2014 na la 2018, basi ataifikisha Oman pia. Mbishi makini angeongeza kwamba Iran ya 2018 ilifungwa mabao mawili tu katika mechi tatu, dhidi ya Moroko, Hispania na Ureno, na bado ikaaga kwenye makundi kwa sababu ilipata mawili tu. Kutofungwa hakutoshi kukufuzisha. Kuhusu ratiba, Oman ilicheza na Qatar tarehe 8 na Falme za Kiarabu tarehe 11, huku wenyeji wakipumzika hadi tarehe 14 kucheza mechi ya mwisho wakiwa wanajua wanachohitaji. Maana yake Oman ilikwenda kwenye mechi ya pili ikikutana na timu ambayo haijatoka jasho bado.

Matokeo yakaja: 0-0 na Qatar, kisha kipigo cha 2-1 kutoka kwa Falme za Kiarabu. Oman ndiyo iliyotangulia, lakini bao lenyewe mpinzani alijifunga, na wapinzani wakapata mawili katika robo ya mwisho ya mchezo. Kwa dakika 180, hakuna Muomani aliyeutia mpira wavuni. Qatar ilifuzu kwa kuifunga Falme za Kiarabu 2-1. Ni rahisi sasa kumvisha taji kila aliyesema Oman haitafuzu, lakini hilo ni kurudi kwenye kipimo kibovu. Aliyesema hivyo kwa kumdharau kocha au kwa uchungu wa miaka iliyopita amepatia jibu kwa njia mbaya. Aliyesema, kwa mfano, “Oman itafuzu ikitangulia kufunga katika mechi ya pili, kwa sababu ulinzi wa Queiroz utalinda bao hilo” amekosea kwa njia njema: sharti lake lilitimia, ulinzi haukushika, na sote tumejifunza kitu. Hata hoja ya uchovu uliotokana na ratiba inadai uangalifu huohuo. Mabao ya dakika za mwisho yanaendana nayo, lakini hayaithibitishi.

Yapo mapingamizi. La kwanza husema mpira unadunda, kwa hiyo uchambuzi wote huu ni kupoteza muda. Ni kweli kwamba unadunda, na ndiyo sababu hoja isihukumiwe kwa matokeo ya usiku mmoja. Anayeamini kila kitu ni bahati hana budi kunyamaza kabla ya mechi na baada yake pia. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: shabiki si mhasibu, anaipenda nchi yake, na kumdai masharti ni kuua raha ya baraza. Lakini mapenzi na matarajio ni vitu viwili. Mtu anaweza kutaka Oman ishinde kwa moyo wake wote huku akikiri kwamba haioni njia ya bao. Anayevichanganya hupata hasara ileile kila baada ya miaka minne: timu ikitolewa hutafutwa msaliti, kwa kawaida kocha au mwamuzi, na swali la mabao matano katika mechi tisa hubaki bila kuguswa hadi mchujo mwingine. Kwa hiyo mechi inayofuata ikikaribia, usimuulize mbishi nani atashinda. Muulize bao litatoka wapi, na ni kitu gani akikiona uwanjani kitamfanya abadilishe maneno. Akijibu yote mawili, msikilize hata kama anaibashiria timu yako kipigo.