Klachi Mbili Bandarini: Mikono Bado Inatetemeka!

Jamani, nimeshuka garini sasa hivi, hapa nje ya lango la Bandari ya Bujumbura, na mikono bado inanitetemeka! Ni Volkswagen Polo GTI, jekundu, dogo, limetumika Japani, limeletwa kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na giaboksi yake ni ya klachi mbili. Klachi mbili, ndugu yangu! Kwenye kigari ambacho ukikikuta kimeegeshwa katikati ya malori utadhani ni cha kwendea sokoni tu.

Nilipowasha, sauti ya mwanamke ikanisalimia kwa Kijapani kutoka kwenye dashibodi, nikacheka peke yangu. Usukani uko kulia na sisi huku tunapita kulia, kwa hiyo nilikaa ukingoni kabisa mwa barabara, upepo wa Ziwa Tanganyika unaingia dirishani, harufu ya dagaa hiyo, na mguu wa kushoto... hauna kazi! Unapapasa chini ukitafuta klachi, hamna kitu. Nikakanyaga mafuta. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, tap, tap, tap! Kichwa hakitikisiki, gari halikati pumzi likingoja mguu na mkono wako vipatane. Laini, kali, tamu, nyepesi, haraka mno mno, na bado! Kila gia inapopanda, eksosi inatoa kikohozi kifupi, "pwah!", mpaka wapagazi wakageuka kutazama.

Na hao wapagazi ndio walionifungua macho. Watazame wanavyoshusha magunia: huyu hajalitua lake, mwenzake ameshaingiza bega chini ya gunia linalofuata. Kazi haisimami hata kidogo. Ndani ya giaboksi hii ni hivyo hivyo: klachi moja inashughulika na gia ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, nyingine na ya pili, ya nne, ya sita. Wewe bado uko kwenye ya pili, kumbe ya tatu imeshaingia kimya kimya, inangoja kupokea nguvu tu!

Halafu nikalipeleka mlimani, barabara ya Bugarama. Unaijua ile: malori yanakwea yakiguna, vijana wa baiskeli wamejishikiza nyuma. Na usukani ukiwa kulia, mbele ya lori huoni kitu. Ni mwenzako wa kiti cha kushoto anayechungulia kwa niaba yako. Akasema, "Pita!" Nikavuta mara mbili kijiti cha kushoto kilicho nyuma ya usukani, gia zikashuka mbili kabla sijavuta pumzi, injini ikalia, tukapita, tukarudi upande wetu, na mikono yangu yote miwili haikuachia usukani hata mara moja. Miwili yote! Kona inayofuata hiyo, tena! Nilipiga kelele kama mtoto, wallahi.

Sasa niambie, kwa nini raha hii isiwe kwenye kila gari la michezo la bei nafuu? Toyota 86 na Subaru BRZ, tangu zitoke mwaka 2012, unachagua gia za mkono au otomatiki ya kawaida. Mazda MX-5, vivyo hivyo. Lakini Honda Fit ya haiburidi, gari la kupelekea watoto shule, ilipewa klachi mbili mwaka 2013! Fit! Nazipenda gia za mkono, nimejifunzia hizo, na wasiziondoe kamwe. Ila hiyo otomatiki ya kawaida wanayoiweka pembeni yake, hiyo waitoe, waweke hii.

Wala si jambo geni. Mfaransa Adolphe Kégresse aliliwaza tangu miaka ya 1930, na mtu huyo huyo ndiye aliyebuni mikanda ya mpira iliyoendesha magari ya Citroën yaliyovuka Afrika mwaka 1924 na 1925. Yaligawanyika Kampala, kundi moja likateremkia Mombasa, jingine Dar es Salaam. Klachi mbili zenyewe zilifika kwenye gari la kawaida la kuuzwa mwaka 2003 tu, kwenye Golf R32. Miaka yote hiyo tulikuwa tunakosa utamu huu!

Kitu kimoja nakuomba ukizingatie. Kwenye foleni usilitambaze inchi kwa inchi. Acha nafasi mbele, kisha usogee kwa mkupuo mmoja, maana klachi zinapata joto. Na mafuta ya giaboksi uulize kabla ya kununua. Mafundi wa mtaa wa Buyenzi wana mikono ya dhahabu, lakini gari hili linataka na kompyuta ya kulisoma.

Basi, funguo ninazo mpaka saa kumi na mbili jioni. Nipo hapa hapa langoni, upande wa ziwani. Njoo na viatu vyepesi, kaa kulia, mguu wa kushoto upumzishe, na ukifika tu kwenye mteremko wa kurudi mjini, ziwa lote limetandazika chini yako, vuta kile kijiti cha kushoto usikie injini inavyolia... na bado!