Ufundi wa Fuwele Yenye Tundu

Elektroni iliyokosa mwenzi ndani ya molekuli hufanya kazi kama sumaku ndogo. Mwaka 1944, mjini Kazan, Yevgeny Zavoisky alionyesha kwamba ukiiweka kwenye uga wa sumaku na kuipelekea mawimbi ya masafa yanayoiafiki, itayafyonza. Kwa ufyonzaji huo utajua kwamba ipo na imezungukwa na nini. Hiyo ndiyo spektroskopia ya EPR.

Ugumu wake ni uhafifu wa ishara. Katika masafa ya takriban gigahezi 9.5, yanayotumiwa na maabara nyingi, na katika joto la kawaida la chumba, elektroni zinazoelekea upande mmoja huzizidi zile za upande wa pili kwa takriban 8 tu katika kila 10,000. Ishara yote hutoka kwenye ziada hiyo. Sampuli ikiwa tone la protini ndani ya chumba cha metali chenye upana wa sentimita kadhaa, sehemu kubwa ya uga wa mawimbi hupita pasipo na kitu cha kupima. Kuongeza nguvu ya mawimbi kuna ukomo, kwa sababu elektroni hushiba. Fundi hodari huukusanya uga pale sampuli ilipo.

Mwaka 1939 Robert Richtmyer alionyesha kinadharia kwamba kipande cha kihami kinaweza kunasa mawimbi bila ukuta wa metali. Ndani yake wimbi hufupika kwa kipeuo cha pili cha kipimo chake cha dielektriki. Kwa tantalati ya potasiamu kipimo hicho ni takriban 260, hivyo wimbi la sentimita 3 na ushei hubaki milimita 2 hivi. Fuwele ya milimita chache inatosha kuwa resoneta, yaani kinasa mawimbi hayo.

Itazame: silinda ndogo iliyotobolewa katikati, ungedhani ushanga. Uga wa umeme huzunguka ndani ya fuwele na kukaribia sifuri kwenye mhimili, huku uga wa sumaku ukipita tunduni. Maji hula nishati ya uga wa umeme. Tunduni, sampuli ya majimaji husalimika.

Kila fuwele ina tabia yake. Kipimo cha dielektriki cha rutili, fuwele nyingine ya kazi hii, hutofautiana kwa mwelekeo, kwa hiyo mkataji hutafuta kwanza mhimili wa fuwele ndipo aguse msumeno. Chembe za chuma au kromi zikibaki ndani, hutoa ishara zao na kuichafua ya sampuli. Kipimo cha tantalati hupanda inapopozwa, masafa yakashuka. Ukubwa wake lazima upangwe mapema kulingana na baridi itakayofanyia kazi. Kisha huingizwa kwenye chumba kilekile cha metali na kusogezwa kidogo kidogo, hadi viwili hivyo vitetemeke pamoja. Hata mtetemo ukipoteza kiasi cha ubora wake, ishara ya sampuli ndogo huongezeka mara kadhaa, kwa kuwa sampuli sasa imekaa kwenye kiini cha uga.

Ninaustahi ufundi huu kwa sababu mashine kubwa hubaki ileile, sumaku ileile, na bado husikia zaidi. Mtafiti aliyehangaika kutakasa protini kidogo hupata jibu kwa kiasi alicho nacho. Sehemu ya jibu hilo ni haki ya aliyekata fuwele bila papara.