Milimita Tatu za Mkunjo

Kila Julai, wageni wa Maonyesho ya Sabasaba hutoka kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, na mifuko iliyojaa vipeperushi. Vingi ni karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara mbili ikazaa kurasa sita. Ni kazi inayopokelewa kwa mkono mmoja bila kutazamwa sana, nayo inastahili sifa kubwa kuliko inayopewa.

Chukua kampuni ya utalii ya Arusha inayotaka kuuza safari za Ngorongoro na za kupanda Kilimanjaro. Mbunifu anayeijua kazi haanzi na picha ya simba. Huchukua karatasi tupu, akaikunja, akaandika namba kwenye kila ukurasa, kisha akaikunjua. Hapo ndipo mambo hugeuka: jalada limekwenda kulia kabisa, mgongo umekaa katikati, na kushoto kuna kile kipande kinachoingia ndani.

Kipande hicho ndicho kipimo cha ufundi. A4 ina upana wa milimita 297, na mwenye haraka ataigawa sawasawa, 99 kila kipande. Karatasi itamkatalia. Kipande cha ndani kitagota kwenye mkunjo, kitajipinda, na kipeperushi hakitalala. Ndiyo maana mafundi hukata hesabu kuwa 100, 100 na 97. Tena upande wa nje kile chembamba kiko kushoto, na upande wa ndani kiko kulia. Anayesahau hilo huona maandishi yake yamepanda juu ya mkunjo.

Kisha kuna msomaji. Akifungua jalada haoni mara moja uwanja wote wa ndani. Anaona ukurasa wa kushoto, na kando yake kile kipande chembamba kikiwa bado kimekunjwa. Kurasa hizo mbili hazikuchapwa upande mmoja wa karatasi, lakini machoni pake ni majirani, na lazima zizungumze. Mbunifu hodari huweka hapo swali ambalo mgeni analo tayari, kama vile siku ngapi zinatosha kupanda mlima wa mita 5,895, na jibu likamsubiri akikunjua. Huo ni usimulizi hasa, ingawa wengi huuita matangazo tu.

Matbaani kuna masharti mengine. Kompyuta huonyesha rangi kwa mwanga. Mashine ya ofseti hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, kila rangi na pleti yake. Pleti haigusi karatasi: huupa mpira wino, na mpira ndio unaoichapa karatasi. Ira Rubel wa Marekani alijenga mashine ya namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya kuona kwamba chapa itokayo kwenye mpira ni safi zaidi. Rangi nne zisipokaa moja juu ya nyingine barabara, manyoya ya simba huwa ukungu. Picha inayofika ukingoni nayo huongezwa milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, kisu kisije kikaacha utepe mweupe.

Karatasi yenyewe ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Ikikunjwa kuzifuata, hutii. Ikikunjwa kuzikata, hupasuka. Ile nzito, ya gramu 170 na zaidi, hutiwa kwanza mfuo wa mkunjo, la sivyo wino mweusi huvunjika na weupe kutokeza katikati ya picha nzuri kuliko zote. Mpiga chapa anayemwambia mteja haya kabla ya kupokea malipo ya awali ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Na mbunifu wa kweli huwa pale mashine inapotoa karatasi za kwanza. Huzikunja mwenyewe, huzipeleka kwenye mwanga wa dirishani, kisha huchukua simu na kuipiga ile namba ya +255 iliyochapwa mgongoni, asikie nani anapokea, kabla hajaruhusu nyingine elfu zifuate.