Kazi ya Chini ya Mwembe

Msimu wa maembe ukifika, ukipita Barabara ya Kilwa kuelekea Mkuranga, matenga yamepangwa kandokando na harufu ya dodo na bolibo inaingia mpaka ndani ya basi. Watu husifu mti, husifu udongo wa Pwani, husifu mvua. Mimi namsifu mkulima, tena kwa kazi ambayo hakuna abiria anayeiona: ile anayoifanya ameinama, chini ya mwembe.

Wako wanaodhani mwembe ni mti wa kupanda na kuusubiri ujizalie. Shada moja linaweza kuwa na maua zaidi ya elfu, na yanayofika kuwa maembe ya kuangua ni ya kuhesabu. Mashada mengine hayaachi hata moja. Maua yakichanua wakati wa ubaridi wa katikati ya mwaka, ubwiri unga huyafunika kwa unga mweupe yakapukutika. Mvua ikiyakuta, chule huyaunguza yakawa meusi. Kwa hiyo mkulima hodari huanza kuzunguka shambani mapema, tunda lingali ndoto, anapindua majani na kukagua mashada. Anajua lini apulize salfa, na anajua pia lini aache bomba lipumzike, kwa sababu wachavushaji wakubwa wa maua ya mwembe ni nzi. Anayepuliza sumu ovyo maua yakiwa wazi anajipunguzia mavuno kwa mkono wake.

Lakini adui mkubwa naye ni nzi, wa aina nyingine. Nzi wa matunda aitwaye Bactrocera dorsalis asili yake ni Asia. Kenya aligunduliwa mwaka 2003, na haikuchukua miaka mingi akawa ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Jike hulitoboa embe linaloelekea kupevuka na kutaga mayai chini ya ganda. Siku moja au mbili baadaye mabuu yametoka, yanaanza kula nyama. Embe hulainika, huoza kwa ndani, huanguka. Mabuu hutoka na kujichimbia kwenye udongo, sentimita chache tu, yakageuka pupa. Kisha nzi wapya huibuka kutafuta maembe yaliyobaki mtini. Jike mmoja aweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja maishani mwake.

Mabuu yakiwa ndani ya nyama, dawa inayopulizwa juu ya ganda haiyafikii. Yakishaingia ardhini, yamekuponyoka. Katikati kuna muda mfupi, embe likiwa limelala chini na mabuu yangali ndani. Ufundi wote umo humo.

Namfahamu bibi mmoja wa huko Mkuranga ambaye huuwahi muda huo kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona. Kukipambazuka tu yuko shambani na ndoo. Huliokota embe, huligeuza, hutafuta kitone cheusi chenye utomvu uliokauka, kisha hubonyeza pembeni yake kwa kidole gumba. Ganda likibonyea, halipasui kuhakikisha wala halitupi kichakani, linaingia ndooni. Hata lile linaloonekana zima, ikiwa limeanguka lenyewe, haliachi. Shimo lake linamfika juu ya magoti, na juu ya yaliyooza hurudishia udongo wa kutosha kisha akaushindilia kwa miguu. Wengine hutumia mfuko mweusi wa nailoni, wakaufunga vizuri na kuuanika juani siku kadhaa mpaka mabuu yafe kwa joto. Ni kazi yenye uvundo na nyigu. Kesho yake inaanza upya, na sokoni hakuna anayekuongezea bei kwa embe ulilolizika. Kwangu huo ndio ufundi wa kuvuliwa kofia.

Zipo silaha nyingine, na zinasaidia. Kuna mitego yenye kivutio kinachowaita madume ili majike wakose wenza. Kuna chambo cha protini, kwani jike huihitaji ili mayai yake yakomae. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimeeneza kinyigu kiitwacho Fopius arisanus, kinachotaga ndani ya mayai ya nzi. Halafu wapo majimoto, ambao watu wengi huwachoma moto kwa sababu wanauma wakati wa kuangua. Utafiti uliofanywa Benin ulionyesha kuwa miembe yenye sisimizi hao wa mtini hushambuliwa kidogo na nzi. Ningekuwa na shamba, ningewavumilia.

Mkulima aliyeshinda vita hivyo hachezei mavuno. Hungoja mabega ya embe yanyanyuke kukizunguka kikonyo, hulikata likiwa na kipande cha kikonyo chake, na akikipunguza hulilaza kichwa chini utomvu uchuruzike bila kuunguza ganda. Mwenye kupiga mawe na kutikisa matawi anaharibu kwa dakika moja kazi ya miezi mitano.

Hasara ya kupuuza haya inafahamika. Mwaka 2014 Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi huyu, na soko hilo halikufunguka tena hadi 2021. Nzi hajui mpaka wa shamba. Mwembe mmoja wa uani, usiookotewa, unatosha kulisha nzi watakaomaliza ekari za jirani, hata kama jirani huyo anaamka na ndoo kila alfajiri.

Basi nawe mwenye mwembe mmoja tu nyuma ya nyumba, ambaye hujawahi kujiita mkulima: okota yaliyoanguka leo kabla ya jua kuchwa, uyafukie chini kupita nusu mita, na kesho uokote tena.