Picha ya Majani ya Mapukutiko: Namna ya Kuitambua Iliyo Bora

Septemba inapokwisha na Oktoba kuingia, jamaa walioko Vermont, Ontario au Minnesota huanza kutuma nyumbani picha za misitu iliyogeuka rangi kabla ya baridi. Nyingi huvutia mara ya kwanza. Chache hustahimili kutazamwa mara ya pili. Rangi hutolewa na mti. Mpiga picha hupimwa kwa mengine.

Anza na mwanga. Tazama uso wa majani: yakiwa na madoa meupe yanayometa, mpiga picha hakuujali mng'aro. Utando wa nta ulio juu ya jani huakisi anga na kuifunika rangi iliyo chini yake. Mzoefu husubiri mawingu mepesi au manyunyu, kisha huizungusha filta ya polaraiza mbele ya lenzi mpaka mng'aro upungue. Majani yaliyolowa lakini hayamemeti ni alama ya fundi. Jua nalo lina nafasi yake: likiwa nyuma ya jani, nuru hupenya na mishipa ikajitokeza. Picha ya namna hiyo huhitaji kivuli kizito nyuma ya majani, la sivyo nuru yote hupotea bure.

Pili, kagua ngazi za rangi. Umanjano hutokana na karotenoidi, ambazo zilikuwemo majanini muda wote, zikifunikwa na ukijani wa klorofili. Wekundu hutengenezwa msimu huohuo kwa sukari iliyomo majanini, hasa mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa baridi bila jalidi. Ndiyo maana mti mmoja wa mepo huweza kuwa mwekundu upande unaopigwa jua, wa manjano pembeni na bado kijani ndani. Picha aminifu huzihifadhi ngazi hizo. Ukiona mti mzima una wekundu wa aina moja na nyasi zina ukijani wa plastiki, rangi imezidishwa kwa programu. Mashahidi wako ni magome, mawe na ukungu: vikibaki na kijivu chake, rangi nyingine zaaminika.

Tatu, ikuze picha. Wekundu mkali hufikia kikomo cha kamera kabla ya rangi nyingine. Ukizidi, mishipa ya jani hufutika na kubaki bapa la rangi tupu. Ndiyo sababu mjuzi hukagua histogramu (grafu ya mwanga) ya kila rangi peke yake na kupunguza mwanga kidogo. Angalia pia upepo. Miti ya aspeni ya Colorado ina vikonyo bapa vya majani, kwa hiyo majani yake hutetemeka hata kwa upepo hafifu. Kuyapata yametulia kwataka kasi ya shata au subira. Mwendo uliokusudiwa hautiliwi shaka: majani hutiririka huku vigogo vimesimama imara. Vyote vikiwa na ukungu bila mpango, mkono ulitikisika.

Nne, mpangilio. Mwanagenzi hukimbilia bonde zima, na kila mti hugombea jicho. Mpiga picha Eliot Porter, katika kitabu chake cha mwaka 1962 kilichochapishwa na Sierra Club, alisogelea misitu ya New England akaonyesha kwamba vigogo vichache na majani yaliyoanguka vyatosha kubeba picha, hata pasipo anga. Uliza: ni kitu gani kimoja ambacho mpiga picha alitaka nikione? Ukikosa jibu, hakuchagua.

Jaribio la mwisho ni gumu kuliko yote: ondoa rangi. Mpiga picha Ansel Adams alizipiga picha aspeni za kaskazini mwa New Mexico mwaka 1958 kwa nyeusi na nyeupe, na picha hizo zimo katika kazi zake mashuhuri. Usitarajie kila kitu kisalie, kwani wekundu na ukijani mara nyingi huishia kijivu kimoja. Tafuta tu kama jicho bado lina pa kuanzia na pa kufikia.

Ukichagua picha ya kutundika ukutani, iwe yako au ya kununua, usiamue siku hiyohiyo. Iache wiki moja, kisha iangalie tena mchana na usiku. Iliyotegemea wekundu peke yake itakuwa imekuchosha, usiilipie fremu.