Kazi ya Laborantini

Katika hospitali za milima ya Masisi na misitu ya Walikale, huko Kivu mashariki mwa Kongo, sifa humwendea daktari anayepasua na muuguzi anayekesha kando ya kitanda. Wanastahili. Laborantini, yule mpimaji wa maabara, husahaulika, kwa kuwa mgonjwa humwona kwa dakika moja tu, anapochomwa kidole. Wengi hudhani kazi yake ni kutazama mstari au rangi na kuandika kilichoonekana. Nadai kwamba kazi hiyo ni ufundi kamili, na kiini chake ni kujua wakati wa kutoliamini jicho. Vipimo vyake vingi hutegemea kingamwili, na kingamwili hujua kushika kitu kimoja tu. Haijui kusema imekishika kwa nini, wala tangu lini; hayo yanabaki juu ya binadamu anayeitumia.

Tazama kazi ya damu. Malaria huko humaliza damu ya watoto, na mara nyingi kinachowaokoa ni damu ya mzazi au jirani, itolewe na kupimwa upesi. Laborantini huweka matone matatu juu ya kigae cheupe: anti-A yenye rangi ya buluu, anti-B ya manjano, anti-D isiyo na rangi. Kila tone limebeba kingamwili ya aina yake. Huchanganya damu na kila moja, hukitikisa kigae taratibu, hutazama. Kingamwili ikizishika chembe nyekundu, damu hugandana punjepunje. Isipozishika, hubaki laini. Waliofunzwa kwa desturi ya shule za Kongo huiita hatua hii Beth-Vincent, na fundi wa kweli haishii hapo. Hufuata Simonin, ambapo plazima ya mgonjwa hukutanishwa na chembe ambazo kundi lake linajulikana, kwa sababu mtu wa kundi A hubeba mwilini kingamwili dhidi ya B, na wa B hubeba dhidi ya A. Majibu ya hatua hizi mbili yasipokubaliana, hakuna jibu, na kazi huanza upya. Kwa kichanga wa miezi michache Simonin haisaidii, maana hajaanza kujitengenezea kingamwili hizo. Hilo nalo fundi hulijua bila kukumbushwa. Karl Landsteiner aliyagundua makundi haya kule Vienna mwaka 1901 kwa kuchanganya damu ya wenzake na kutazama. Köhler na Milstein walipoonyesha mwaka 1975, huko Cambridge, jinsi ya kuzalisha kingamwili ya aina moja tu kutoka kwenye seli za ukoo mmoja, dawa za kupimia zikawa safi na za kutegemeka zaidi. Kutazama hakukuondoka.

Atatokea wa kuuliza: mtoto anahema kwa shida, na huyu anapima mara mbili? Swali hili ni zito, na kuna saa ambayo daktari huagiza damu ya kundi O bila kusubiri zaidi. Lakini Simonin huchukua dakika chache, na damu isiyopatana huanza kudhuru tangu mililita za kwanza. Anayeharakisha kwa kuruka hatua hiyo huwa amehamisha hatari tu, kutoka ugonjwa hadi tiba.

Wengine husema ufundi wa namna hii ni wa mahali penye amani. Chupa za anti-A hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na njia ya kutoka Goma ni matope na vizuizi. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi-kati mwezi Januari na Walikale-kati mwezi Machi. Naona ni kinyume chake. Friji ikikaa siku nzima bila umeme, anayejua kusoma rangi tu ataendelea kusoma rangi. Fundi huijaribu kwanza dawa yake kwa damu ya A na ya B anazozijua, na isiposhika inavyotakiwa huitupa, hata kama ndiyo chupa ya mwisho. Mahali ambapo kila kitu huharibika njiani ndipo jaribio hilo lina thamani kubwa kuliko popote.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatokana na TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria. Reko, yule mhudumu wa afya wa kijijini aliye mbali na labo yoyote, hudondosha damu kwenye kidude cha plastiki na kupata jibu ndani ya dakika 15 au 20. Kingamwili zilizofungwa kwenye chembe ndogo za dhahabu, madini yale yale yanayochimbwa Walikale, hunasa protini ya kimelea iitwayo HRP2, na mstari mwekundu hutokea. Ni jambo jema, na nisingependa mtu amnyang'anye reko kidude chake. Ila protini hiyo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mtoto aliyetibiwa juzi akipata homa leo, mstari utatokea, na homa ya mapafu au ya matumbo inaweza kupita bila kuonekana. Hata mstari wa pili wa kidude, ule wa kudhibiti kipimo, ambao watu huuona kama muhuri wa ukweli, huthibitisha kwamba kipimo kimefanya kazi, basi. Ndipo tone nene la damu linapowekwa chini ya hadubini, na mtu aliyezoeshwa kwa miaka hutafuta kimelea chenyewe.

Na kimelea hakikukaa kikisubiri. Kuna vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2; Eritrea, vilikoenea, ililazimika kubadilisha vipimo vyake mwaka 2016. Vikizagaa Kivu, TDR itamwambia mama kwamba mtoto wake hana malaria, na wa kwanza kugundua atakuwa laborantini wa hospitali ya mbali atakayeona vimelea mahali ambapo mstari umekosekana, akaandika yote mawili kwenye rejista na kutuma damu hiyo Goma ichunguzwe. Wanaogawa bajeti za zone za afya za Masisi na Walikale wasihesabu basi kwamba vidude vya plastiki vimechukua nafasi ya hadubini na mshahara wa anayeitumia.