Samaki Anayekunjwa Akiwa Mkavu

Wahenga walituusia kumkunja samaki angali mbichi. Lakini wapo mafundi ambao kazi yao huenda kinyume na usia huo: humngoja samaki akauke kabisa, ndipo wamkunje. Ni madaktari wanaowapasua wanaume wenye ugonjwa wa Peyronie.

Ugonjwa huo ulipewa jina la François Gigot de la Peyronie, mpasuaji wa mfalme Louis XV wa Ufaransa, aliyeueleza mwaka 1743. Ndani ya uume mna nguzo mbili za nyama laini mfano wa sifongo, zilizovikwa utando imara. Damu ikijaa, utando huo hutanuka na kuwa mwembamba, hata usifike nusu milimita. Kwa baadhi ya wanaume, utando ukijeruhiwa hauponi vizuri. Kovu gumu hujijenga upande mmoja. Uume unaposimama, upande mzima hutanuka na wenye kovu hugoma, basi kiungo kizima hupinda kuelekea kwenye kovu. Tendo la ndoa huwa la maumivu, au halifanyiki kabisa.

Ustadi wa kwanza wa fundi huyu ni kutofanya lolote mapema. Kovu likiwa changa, maumivu yapo na mpindo unazidi. Ukilipasua leo, kesho uume utapinda tena. Kwa hiyo hungoja, mara nyingi mwaka mzima, hadi maumivu yakome na mpindo utulie kwa miezi kadhaa. Tena si kila mpindo unahitaji kifaa cha kupandikizwa ndani ya uume. Ambaye uume wake bado unasimama barabara anaweza kunyooshwa kwa kushona upande wa pili au kutiwa kiraka penye kovu. Kifaa ni cha yule aliyepatwa na mawili kwa pamoja: mpindo, na kupungukiwa nguvu kusikosikia dawa.

Kifaa chenyewe kilianzia Houston, Marekani, mwaka 1973, kwa kazi ya daktari F. Brantley Scott na wenzake William Bradley na Gerald Timm. Kina sehemu tatu: mirija miwili inayokaa ndani ya zile nguzo, kitangi kidogo kinachofichwa chini ya tumbo, na pampu ndani ya mfuko wa korodani. Kinachozunguka humo ni maji ya chumvi tu, yale ya hospitali. Yakivuja, mwili huyanyonya bila madhara. Mwenye kifaa akibonyeza pampu, maji hutoka kwenye kitangi na kujaza mirija, akimaliza, huyarudisha. Kwa nje hakionekani.

Mpasuaji hupitia tundu la sentimita chache tu, mara nyingi pale uume unapokutana na korodani. Hupanua nguzo taratibu kwa vyuma vya mviringo, kimoja baada ya kingine, kisha hupima urefu wake, mbele na nyuma. Sentimita moja hapo ni kubwa. Mrija ukizidi, hujikunja na kusukuma ncha. Ukipungua, kichwa huning'inia. Muda wote huo anapigana na vijidudu, maana kifaa kikiingiliwa na maambukizi kwa kawaida hutolewa chote. Ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari huambiwa atulize sukari kwanza.

Kisha hufika wakati ninaoustaajabia kuliko wote. Mwaka 1994 Steven Wilson na John Delk wa Arkansas walieleza namna ya kumalizia kazi kwa mikono mitupu. Kifaa kikishawekwa, hujazwa mpaka kikakamae, na mipira inayounganisha mirija na pampu hubanwa ili shinikizo lisirudi kwenye pampu. Mpasuaji huushika uume kwa mikono miwili, akaukunja kuelekea upande ulio kinyume na mpindo, akatulia hapo. Sekunde 90. Chumba kizima husubiri. Wakati mwingine kovu huhisika likipasuka chini ya vidole. Mkono lazima utofautishe kovu linaloachia na njia ya mkojo inayotaka kuchanika, kwa hiyo hauegemezi nguvu zake kwenye kichwa. Kisha huongeza maji, akarudia. Ukibaki mpindo mdogo usiofika nyuzi 30, fundi mzuri huuacha. Kujua pa kuishia nako ni sehemu ya ufundi.

Anauacha kwa sababu anajua nani atakayemalizia: mgonjwa mwenyewe. Kwa kawaida mpira wa mkojo hutolewa kesho yake. Hapo ndipo mgonjwa hujitazama akashtuka: korodani zimevimba na kuwa nyeusi. Huweka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, huvaa chupi ya kubana huku uume ukielekezwa juu, na habebi kitu kizito. Baada ya wiki 4 hadi 6 hufundishwa kupampu. Siku za mwanzo huuma, na vidole huhangaika kuitafuta pampu. Kisha huambiwa ajaze kila siku na kukiacha kimejaa kwa dakika kadhaa, kwa miezi. Mirija huendelea kulivuta kovu polepole, na mpindo uliobaki mara nyingi huzidi kupungua.

Ukweli mmoja husemwa kabla ya kisu, na ni vyema mke awepo: urefu uliopotea kwa ugonjwa, kifaa hakiurudishi. Ila hisia na kumwaga kwa kawaida hubaki kama vilivyokuwa.

Nawe uliyenyamaza na mpindo wako, unga wa barabarani unaouzwa kwa jina la nguvu za kiume haulainishi kovu. Nenda kwa bingwa wa mfumo wa mkojo. Ukishauriwa kuwekewa kifaa, muulize kama unavyomuuliza seremala kabla hujampa mbao: amekwishaweka vingapi, na kwa wangapi wenye mpindo kama wako? Fundi wa kweli hachukizwi na swali hilo.